Kosa la bahasha, haki ya kalamu

Mjini Greensboro, katika jimbo la North Carolina, kuna chuo kikuu kiitwacho North Carolina A&T. Miongoni mwa vyuo vya Marekani vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi, hakuna kinachokizidi kwa wingi wa wanafunzi. Ndiko walikotoka wale vijana wanne ambao Februari 1960 walikwenda kuketi kwenye kaunta ya chakula iliyotengewa Wazungu, wakakataa kuondoka. Ndani ya chuo hicho unapita Mtaa wa Laurel. Katika uchaguzi wa 2016 na wa 2018 mtaa huo ulikuwa mpaka. Aliyelala bweni la upande huu alikuwa mpiga kura wa eneobunge la 6, na mwenzake wa ng'ambo alikuwa wa eneobunge la 13. Ukivuka barabara kwenda kuazima kitabu kwa rafiki, tayari umeingia kwa mbunge mwingine.

Wabunge wote wawili walikuwa wa chama cha Republican. Maelfu ya vijana ambao wengi wao ni wa Democratic walikatwa katikati kama muhogo, kila kipande kikaenda kuchemka kwenye sufuria la watu wengine.

Kabla sijaendelea, neno kidogo kuhusu maneno. Kwa Mtanzania, jimbo ni mahali anakotoka mbunge, kwa hiyo ukimwambia Marekani ina majimbo 50 anaweza kukuuliza kwa nini basi Baraza la Wawakilishi lina viti 435. Mkenya ana neno eneobunge, na leo nitaliazima kwake: North Carolina ni jimbo, na vipande vyake 14 vinavyopeleka watu Washington ni maeneobunge. Mtanzania hata hivyo hahitaji kufundishwa uzito wa kugawa majimbo. Mei 2025 alisikia Tume ikitangaza mapya manane, jumla ikawa 272, na mabishano yakaanza siku hiyo hiyo vijiweni. Ila kwetu kazi hiyo hufanywa na tume, ambayo nayo haikosi lawama zake. North Carolina wanaochora ni wanasiasa wenyewe: baraza la kutunga sheria la jimbo, linalokaa Raleigh, na gavana hana kura ya turufu juu ya ramani wanayoipitisha.

Sheria inadai kila eneobunge liwe na idadi sawa ya watu, ndiyo maana baada ya kila sensa, yaani kila miaka 10, mistari huchorwa upya. Umbo la eneo ni hiari ya mchoraji. Hiari hiyo ina mbinu mbili. Ya kwanza ni kushindilia: wafuasi wa mpinzani unawajaza kwenye eneo moja kama mkaa kwenye gunia, ashinde huko kwa asilimia 70, na kura zake za ziada zisimfae popote pengine. Ya pili ni kutawanya: mji wenye wafuasi wake unaukata, kisha kila kipande unakishonea kwenye kaunti za mashambani zinazokipenda chama chako. Katika ramani ya 2016 Charlotte na Durham zilishindiliwa, Greensboro na Asheville zikatawanywa.

Ujanja wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, aliridhia ramani yenye eneo lililojipinda kama mjusi, gazeti moja la Boston likalichora likiwa na kucha na mabawa, na jina la gavana likageuka kuwa jina la mchezo huo mpaka leo. Lakini North Carolina ndiyo iliyoonja dawa zote za ugonjwa huu, nyingine chungu mno.

Novemba 1898, mjini Wilmington, Wazungu wenye silaha waliipindua serikali halali ya mji na kuua watu weusi. Miaka miwili baadaye katiba ya jimbo ikabadilishwa, ukawekwa mtihani wa kusoma kwa anayetaka kupiga kura. George Henry White, mbunge mweusi kutoka kaunti za kaskazini mashariki, aliona hana tena wa kumchagua. Alilihutubia Bunge kwa mara ya mwisho Januari 1901, akaondoka, na ikapita miaka 28 bila mtu mweusi hata mmoja kuketi katika Bunge la Marekani. Jimbo lake lenyewe lilingoja mpaka uchaguzi wa 1992.

Mwaka huo wa 1992, kwa msukumo wa Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, yalichorwa maeneobunge mawili yenye weusi wengi. Eva Clayton alishinda la 1, Mel Watt la 12. Hilo la 12 lilikuwa kioja. Lilifuata barabara kuu kutoka Durham hadi Charlotte, zaidi ya kilomita 250, mahali pengine likiwa na upana wa barabara tu. Mwanasiasa mmoja wa huko alitania kwamba ukipita na gari milango yote ikiwa wazi, utawagonga wapiga kura wengi wa eneo zima. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikasema katika kesi ya Shaw v. Reno kwamba eneo lenye umbo la ajabu, lisiloelezeka kwa lolote ila rangi ya watu, linaweza kupingwa mahakamani.

Wachoraji walijifunza somo, ingawa silo walilokusudiwa kujifunza. Warepublican walipolitwaa baraza la jimbo mwaka 2010, walichora ramani ambayo miaka sita baadaye mahakama iliikataa kwa sababu ilitumia rangi kupita kiasi. Wakati wa kuchora mpya, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, David Lewis, alisema mbele ya wenzake kwamba safari hii wanachora kwa faida ya chama. Alipendekeza ramani ya kuwapa Warepublican viti 10 na Wademocratic viti 3, kwa sababu haamini kwamba ya 11 kwa 2 inawezekana. Hakuteleza ulimi. Huo ndio ulikuwa utetezi: rangi imekatazwa, chama hakikukatazwa, basi iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba ni chama. Nimezisoma siasa za nchi nyingi, zetu zikiwamo, na sikumbuki mwizi aliyejitetea kwa kukiri jambo lenyewe.

Uchaguzi wa 2016 ulileta 10 kwa 3. Kumbuka ni jimbo ambalo siku hiyo hiyo Donald Trump alilishinda kwa chini ya pointi 4, na Roy Cooper wa Democratic akachaguliwa gavana.

Sasa njoo 2018, katika eneobunge la 9. Usiku wa matokeo, mchungaji Mark Harris wa Republican alikuwa mbele ya Dan McCready wa Democratic kwa kura 905. Bodi ya uchaguzi ya jimbo ikakataa kuidhinisha, kwa sababu katika Kaunti ya Bladen palikuwa na harufu. Kura zilizotumwa kwa posta huko zilimpa Harris asilimia 61, ilhali waliozituma walioandikishwa kama Warepublican walikuwa asilimia 19 tu. Uchunguzi ukamfikia fundi wa siasa za mashinani, McCrae Dowless, ambaye alilipwa kwa ajili ya kampeni hiyo, naye akawalipa watu wapite nyumba kwa nyumba kukusanya bahasha za kura. Katika North Carolina, bahasha hiyo haiguswi na mtu asiye mpiga kura mwenyewe au jamaa yake wa karibu.

Kikao cha bodi mjini Raleigh, Februari 2019, kilikuwa mchezo wa kuigiza usiohitaji mwandishi. Shahidi mmoja alikuwa John Harris, mwana wa mgombea na mwendesha mashtaka wa serikali kuu, aliyeeleza kwamba alimwonya baba yake mapema kuhusu Dowless. Baba yake alikuwa ameketi pale pale, akilia. Kesho yake, tarehe 21, mchungaji aliomba mwenyewe uchaguzi urudiwe, na wajumbe wote watano wa bodi wakakubali. Harris hakushtakiwa. Dowless alishtakiwa, akafa mwaka 2022 kabla kesi haijasikilizwa. Uchaguzi wa marudio ulifanyika Septemba 2019 na Republican mwingine, Dan Bishop, akashinda kwa tofauti ya takriban pointi 2.

Niliposoma habari hizo niliwasifu. Nchi gani hufuta matokeo ya kiti kizima kwa sababu ya bahasha za kaunti moja masikini? Kisha nikatazama kalenda. Mwezi mmoja tu baada ya kikao kile, Machi 2019, ramani nzima ya North Carolina ilifika mbele ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Rucho v. Common Cause. Hapo hakuna bahasha iliyofunguliwa, hakuna aliyelipwa kupita majumbani. Viti vitatu au vinne vilikuwa vimehamishwa mchana kweupe na mtaalamu mwenye kompyuta, Thomas Hofeller, aliyejua kila mtaa ulivyopiga kura miaka iliyotangulia. Tarehe 27 Juni Jaji Mkuu John Roberts, akiwa na wenzake wanne, alitoa hukumu: upendeleo wa aina hii unaweza kuwa dhuluma, lakini hilo ni suala la siasa na mahakama za serikali kuu hazina kipimo cha kuliamua. Jaji Elena Kagan alipinga kwa niaba ya wanne waliobaki.

Haki itendeke pia kwa Warepublican. Kesi hiyo iliunganishwa na nyingine kutoka Maryland, ambako waliochora kwa hila walikuwa Wademocratic. Na katika North Carolina yenyewe, kwa miongo mingi kabla ya 2010, kalamu ilikuwa mikononi mwa Democratic, nao hawakuitumia kuandika zaburi.

Hofeller alikuwa ameshafariki, Agosti 2018. Binti yake alikuta diski za kompyuta katika mali za marehemu, akazikabidhi kwa shirika lililokuwa limefungua kesi, na mafaili hayo yakatumika katika mahakama za jimbo. Kwa kuwa Roberts aliwaambia watu waende kwingine, walikwenda huko. Kilichofuata nakipanga kwa miaka, maana hapa miaka yenyewe inatosha kusimulia. Mwaka 2020, kwa ramani iliyochorwa upya baada ya amri ya mahakama ya jimbo, Warepublican walipata viti 8 na Wademocratic 5, na A&T ikarudi kuwa kitu kimoja. Sensa ikaongeza kiti cha 14. Mwaka 2022, kwa ramani iliyotengenezwa na wataalamu wa mahakama, ikawa 7 kwa 7. Mwaka 2024, 10 kwa 4. Watu walikuwa wale wale. Trump alilishinda jimbo mara zote tatu kwa tofauti ndogo, na kila mara gavana aliyechaguliwa siku hiyo alikuwa wa Democratic.

Kati ya sare ya 2022 na ile 10 kwa 4, wapiga kura hawakubadili mawazo. Kilichobadilika ni majaji. North Carolina huwachagua kwa kura, na katika uchaguzi ule ule ulioleta 7 kwa 7, Warepublican walipata wingi katika Mahakama ya Juu ya jimbo, 5 dhidi ya 2. Aprili 2023 mahakama hiyo ilifuta uamuzi wa kukataza ramani za upendeleo wa chama, iliokuwa imeutoa mwaka mmoja tu uliopita. Oktoba baraza likachora tena. Wabunge watatu wa Democratic, Kathy Manning, Jeff Jackson na Wiley Nickel, waliiangalia ramani mpya na hakuna aliyegombea tena kiti chake. Katika eneobunge la 6 alikokuwa Manning, Democratic hawakusimamisha mtu kabisa. Greensboro safari hii ilikatwa vipande vitatu. Mji huo una familia za wakimbizi kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili nyumbani, na baadhi yao wameshaapa uraia. Mtu aliyetoka Kivu akingoja miaka mingi kupata kura yake ya kwanza alipewa karatasi ambayo kiti cha ubunge kilikuwa kimeshaamuliwa Raleigh.

Mark Harris, yule wa bahasha, aligombea eneobunge la 8 mwaka huo wa 2024, lililochorwa liwe salama kwa chama chake. Alishinda. Sasa ni mbunge.

Palikuwa pamebaki eneo moja tu la ushindani wa kweli, lile la 1, kaskazini mashariki, katika nchi ile ile ya George White. Tangu Eva Clayton, kila aliyelishikilia amekuwa mtu mweusi. Don Davis wa Democratic, aliyekuwa ofisa wa jeshi la anga, alilitetea mwaka 2024 kwa tofauti ya chini ya pointi 2. Oktoba 2025 hapakuwa na sensa wala amri ya mahakama. Texas ilikuwa imechora upya kuwaongezea Warepublican viti kama Trump alivyotaka, California ikaanza kujibu kwa upande wa Democratic, na Raleigh nako kalamu ikatoka. Kaunti kadhaa za pwani zenye Warepublican wengi zililetwa ndani ya eneo la 1, na kaunti nne za bara zikapelekwa la 3, ili 11 kwa 3 iwezekane. Novemba majaji wa serikali kuu walikataa kuizuia.

Mojawapo ya hizo nne ni Greene, anakoishi Davis. Sheria haimlazimu mbunge kulala ndani ya eneobunge lake, mradi awe mkazi wa jimbo, kwa hiyo ametangaza kugombea tena la 1 akiwa nyumbani kwake Snow Hill, ambako siku ya kura atapewa karatasi ya eneobunge la 3, isiyo na jina lake.