Jino Lililotoboka Huzibwa, Usingoje Liume

Leo tuzungumze kuhusu meno.

Mama mmoja alimleta mtoto wa miaka 7 kituoni, shavu limevimba. Akaniambia, "Sista, nilidhani ni jino la utotoni, nikangoja ling'oke lenyewe." Kumbe lilikuwa gego la kudumu, na limeoza hadi kwenye mizizi. Ikabidi ling'olewe. Jino hilo halioti tena.

Gego hilo huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni. Hakuna jino linalotoka kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hawalijui.

Jino hutobokaje? Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa jino. Kwanza huonekana doa, baadaye shimo. Shimo dogo mara nyingi haliumi, na huo ndio wakati mzuri wa kuliziba.

Mtaalamu wa meno huondoa uozo, husafisha shimo, kisha hulijaza dawa laini inayoganda ikawa ngumu. Wakati mwingine shimo dogo huzibwa kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala sindano.

Uozo ukifika kwenye mshipa, mtoto hulia usiku. Hapo kuziba tu hakutoshi. Mshipa hutibiwa, na pengine jino huvikwa kofia ya chuma. Kazi huwa ndefu na gharama huongezeka. Ukizidi kuchelewa, hubaki kung'oa.

Je, meno ya utotoni yazibwe? Ndiyo. Magego yake hukaa hadi miaka 10 au 12. Yaking'olewa mapema, meno jirani huegemea pengo, na ya kudumu huota yakisongamana.

Usiweke aspirini juu ya jino, huunguza ufizi. Shavu likivimba na mtoto ana homa, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Leo jioni mlaze mtoto mapajani, mmulikie tochi, uangalie magego yote. Ukiona doa la kahawia au shimo, mpeleke kliniki ya meno kabla halijauma. Na kila siku mpige mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala.