Gdańsk: Mji wa kaharabu ulioinuka kutoka majivuni

Wengi wetu, tunapopanga safari ya familia kwenda Ulaya, huitaja London, Paris au Istanbul. Ni nadra kusikia mtu akiutaja mji wa Gdańsk, ulioko kaskazini mwa Poland, katika pwani ya Bahari ya Baltiki. Hata hivyo, mji huu una mambo mengi ya kumfunza mtoto kuhusu biashara, elimu, vita na subira, na baadhi yake yanatugusa sisi moja kwa moja.

Tuanze na kitu ambacho jina lake tunalo katika lugha yetu: kaharabu. Huu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka mithili ya jiwe kwa muda wa zaidi ya miaka milioni 40, nao hupatikana kwa wingi katika pwani ya Baltiki. Jina hilo limetoka kwa Waajemi, likapitia kwa Waarabu. Maana yake ni kinachovuta majani makavu, kwa kuwa kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa huvuta vijiti na manyoya. Ndiyo sababu Waarabu wa leo huuita umeme kwa jina hilohilo. Makumbusho ya Kaharabu yamo ndani ya kinu kikubwa cha zama za kati, na katika mtaa wa Mariacka mafundi huuza pete, mikufu na hata tasbihi. Anayenunua awe macho, kwani bandia ni nyingi. Kaharabu halisi huelea katika maji yaliyokolea chumvi, ilhali aina nyingi za plastiki huzama.

Biashara ya pwani hiyo na ulimwengu wa Kiislamu ni ya kale. Mashariki ya Gdańsk, karibu na mji wa Elbląg, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mabaki ya bandari ya Truso na kukuta humo dirhamu nyingi za fedha zenye maandishi ya Kiarabu. Fedha hizo zilifika huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Kitovu cha matembezi ni barabara pana iitwayo Długi Targ, yaani Soko Refu. Humo mna chemchemi ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi wa kale, iliyowekwa mwaka 1633, na pande zote mbili zimepangana nyumba nyembamba za wafanyabiashara zenye rangi na nakshi. Ukishuka hadi mto Motława utaiona winchi kubwa ya mbao, Żuraw, ya karne ya 15. Haikuwa na mashine: watu waliingia ndani ya magurudumu makubwa na kutembea, na kwa nguvu ya miguu yao shehena ikapanda na kushuka melini. Mtoto wa bandarini, awe wa Tanga au Mombasa, ataelewa mara moja uzito wa kazi hiyo. Wenye magoti imara waweza pia kupanda ngazi zaidi ya 400 za mnara wa Kanisa la Bikira Maria, mojawapo ya majengo makubwa ya matofali duniani, ili wautazame mji wote kutoka juu.

Msomaji atashangaa kusikia kwamba sehemu kubwa ya nyumba hizo zinazoonekana kongwe zilijengwa upya. Mwaka 1945 takriban asilimia 90 ya kitovu cha mji iligeuka kifusi. Waliobaki pamoja na wahamiaji kutoka mashariki waliamua kuziinua tena sura za zamani, jengo baada ya jengo, kwa miaka mingi.

Vita hivyo vilianzia hapohapo. Alfajiri ya Septemba 1, 1939, manowari ya Ujerumani iitwayo Schleswig-Holstein ilifyatua mizinga kuelekea rasi ya Westerplatte, na askari wa Poland wapatao 200 wakastahimili siku saba. Leo mahali hapo ni bustani ya kumbukumbu, na mjini kuna Makumbusho ya Vita Kuu ya Pili yaliyofunguliwa mwaka 2017. Kwa watoto imetengwa sehemu maalumu: sebule ya familia moja ya mji wa Warszawa, iliyoonyeshwa katika nyakati tatu za vita. Mtoto huona mwenyewe jinsi vitu vinavyopungua nyumbani humo na hofu inavyoongezeka.

Hapa Mtanzania ana jambo la kuwasimulia wanawe. Miongoni mwa raia wa Poland waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia, maelfu walipata njia ya kutokea Iran. Mji wa Isfahan ulipokea mayatima wengi hata ukaitwa mji wa watoto wa Poland. Kuanzia mwaka 1942 wengine waliletwa Afrika Mashariki, na karibu 5,000 kati yao waliishi Tengeru, karibu na Arusha. Makaburi yao yapo huko hadi leo. Wazungu hao walikuwa wakimbizi, nasi tukawa wenyeji wao.

Mwaka 1980 Gdańsk ilitikisa dunia tena. Mwezi Agosti wafanyakazi wa kiwanda cha meli waligoma baada ya mwenzao Anna Walentynowicz, mwendesha winchi, kufukuzwa kazi miezi michache kabla ya kustaafu. Waliandika madai 21 juu ya mbao na kuyatundika langoni. Kiongozi wao, fundi umeme Lech Wałęsa, alitia saini makubaliano na serikali tarehe 31 ya mwezi huo, na chama cha Solidarność kikazaliwa. Mbao zile zimehifadhiwa katika Kituo cha Mshikamano cha Ulaya, palepale kilipo kiwanda.

Wapenda elimu wasiache kumtafuta Hevelius, mnajimu aliyezaliwa Gdańsk mwaka 1611 na kuuchora mwezi akiwa juu ya paa la nyumba yake. Kitabu chake cha mwaka 1647 kina picha ya wanazuoni wawili ukurasa wa mbele: Galileo akiwa na darubini, na Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra, akiwa na mchoro wa jiometri. Alipofariki, mkewe Elisabeth aliikamilisha orodha yake ya nyota na kuichapisha.

Waislamu wa Gdańsk wana msikiti wao katika mtaa wa Oliwa, wenye kuba na mnara, uliofunguliwa mwaka 1990. Uliasisiwa na Watatari, Waislamu ambao mababu zao wameishi katika ardhi za Poland na Lithuania tangu karne ya 14. Mwezi Oktoba 2013, siku za Idi ya Kuchinja, mlango wake ulichomwa moto. Msikiti ulibaki, na sala zinaendelea. Meya Paweł Adamowicz, aliyejulikana kwa kuwatetea wahamiaji, alichomwa kisu jukwaani Januari 2019 na kufariki. Familia itakayozuru ijue mambo yote mawili: chuki ipo, na wenye kuipinga wapo pia.

Sasa maandalizi. Poland hutumia viza ya Schengen, na fedha yake ni zloti. Mwezi Juni jua huchomoza baada ya saa kumi alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku, wala weupe wa anga hauondoki kabisa. Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri. Ni vyema kumuuliza sheikh wako kuhusu sala ya Isha na swaumu kabla ya kuondoka. Kibla ni upande wa kusini-mashariki.

Kwenye chakula, nyama ya nguruwe imeenea, na kibandiko cha kebab dukani si ushahidi wa halali. Salama zaidi ni samaki, au pierogi, yaani vitumbua vya unga vya kuchemsha, vya viazi na jibini. Sema uletewe bila skwarki, ambavyo ni vipande vya mafuta ya nguruwe. Kinywaji cha mji chenye vipande vya dhahabu, Goldwasser, ni pombe.

Siku tatu zatosha: ya kwanza mji wa kale na mto, ya pili Westerplatte na makumbusho, ya tatu msikiti na bustani ya Oliwa, kisha treni hadi Sopot, ambako gati la mbao lenye urefu wa zaidi ya mita 500 laingia baharini. Maji ya Baltiki ni baridi hata kiangazi, hivyo wachukulieni watoto masweta. Mwenyezi Mungu awajaalie safari ya kheri na marejeo ya salama.