Mtungi Ulio Kwenye Buti

Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam, Arusha au Mwanza yana mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Uko kwenye buti karibu na tairi la akiba, au umesukumwa chini ya kiti cha abiria. Wenye magari wengi waliununua kwa ajili ya stika ya ukaguzi na kwa ajili ya trafiki, na barabarani unatimiza haja hiyo. Mambo hubadilika Jumamosi asubuhi, gari linapoegeshwa uani, boneti ikafunguliwa, na fundi akaitwa nyumbani kubadilisha pampu ya mafuta. Hapo kifaa pekee cha kuzimia moto katika ua mzima kimefungiwa ndani ya kitu kile kile kinachoweza kuwaka. Isitoshe, katika baadhi ya magari ya siku hizi buti hufunguka kwa umeme: ukishachomoa betri, kama kazi inavyotaka, halifunguki tena.

Rai yangu ni moja: mtungi utolewe kwenye gari kabla spana ya kwanza haijashikwa, usimamishwe mahali ambapo mkono unaufikia bila kuuvuka moto. Umbali huo ni jambo zito kwa sababu ya tabia ya petroli.

Petroli ikiwa kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kila mafuta yana kiwango cha joto ambacho chini yake hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto hata cheche ikiwapo. Kwa dizeli kiwango hicho kiko juu ya nyuzi 50 za Selsiasi. Kwa petroli ni nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hakuna mahali Afrika Mashariki, hata kilele cha Kilimanjaro usiku wa baridi kali, ambapo petroli iliyo wazi haitoi mvuke unaoweza kuwaka. Uani Temeke, saa sita mchana, inatoa kwa wingi.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea angani. Hushuka hadi sakafuni na kutambaa kama maji yanayotafuta bonde: unaingia kwenye mtaro, unapita chini ya mlango, unafika ambako jiko la mkaa limeinjikwa sufuria ya maharage. Moto huanzia pale jikoni, kisha hurudi nyuma mbio ukifuata mvuke hadi kwenye beseni la petroli ambamo fundi alikuwa anaoshea vipuri. Aliyelala chini ya gari huuona moto ukimjia kutoka upande ambao hakuwa na habari nao. Hakuwasha kiberiti, hakuvuta sigara, na bado anaungua.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Hewa yenye mvuke wa petroli wa asilimia 1.4 tu tayari inaweza kuwaka. Ikizidi asilimia 7 na kitu, mvuke unakuwa mwingi mno na oksijeni haitoshi. Ukipiga hesabu, robo lita ya petroli ikigeuka yote kuwa mvuke inatosha kuzifanya mita 3 za ujazo za hewa kuwa tayari kulipuka. Hiyo ni nafasi nzima iliyo chini ya gari dogo lililopandishwa kwenye jeki, na bado inabaki. Cheche ya kuuwasha mchanganyiko huo inahitaji takriban milijuli 0.2 za nishati. Ile cheche inayokuchoma kidole unaposhika mlango wa gari baada ya kuteleza kwenye kiti cha kitambaa inazidi hapo mara kadhaa. Pwani, unyevu wa hewa hupunguza umeme huo wa msuguano. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, ni jambo la kila siku. Ndiyo maana dumu la plastiki hujazwa likiwa limewekwa chini ardhini, kamwe si likiwa juu ya kiti au ndani ya buti lenye zulia.

Kuna vyanzo vingine vya cheche ambavyo fundi anaishi navyo mpaka anavisahau. Betri ya kawaida ina volti 12 tu, haiwezi kumrusha mtu, lakini ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Spana iliyogusa chanya upande mmoja na bodi upande wa pili huwa nyekundu kwa joto. Ndiyo sababu kichwa cha hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho: hasi ikiwa imeshatoka, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea. Betri inayochajiwa nayo hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kuwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na cheche inayoiwasha ni ndogo kuliko hata ile ya petroli. Kisha kuna taa ya kufanyia kazi. Balbu ya kizamani yenye waya ndani, ikianguka na kupasuka juu ya tone la petroli, imekwisha kuwasha moto. Taa ya LED huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Magari yenye mfumo wa kupulizia mafuta, yaani karibu yote yaliyoagizwa kutoka Japani miaka ya karibuni, yameongeza jambo ambalo zama za karabureta halikuwa kubwa hivi. Bomba la mafuta hubaki na shinikizo la kama baa 3 hata injini ikiwa imezimwa. Ukifungua kiungo cha filta bila kulitoa shinikizo hilo, petroli haidondoki. Inaruka kwa ukungu, na mara nyingi inaangukia mabomba ya ekzosi yenye joto la mamia ya nyuzi. Dawa yake ni rahisi: chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa injini iunguze mafuta yaliyobaki bombani mpaka izime yenyewe, kisha acha gari lipoe. Fundi mwenye haraka huruka hatua hiyo, na mwenye gari aliyesimama pembeni ana haki ya kumzuia.

Kuna kazi moja ambayo naiomba isifanyike nyumbani kabisa: kuchomelea tangi la petroli linalovuja. Watu huliona tangi tupu kuwa salama kuliko lililojaa. Ni kinyume chake. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa ndani, lakini tangi lililomwagwa limebaki na unyevunyevu wa petroli kwenye kuta na hewa tele, mchanganyiko ule ule wa asilimia chache uliofungiwa ndani ya bati. Moto wa kuchomelea ukiligusa, hulipuka. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi, kwa kuwa mabaki yaliyoganda kwenye mikunjo ya bati huendelea kutoa mvuke linapopata joto. Kazi hiyo ina watu wake wenye vifaa vya kuufukuza mvuke wote, na mara nyingi tangi jingine ni bora kuliko kiraka.

Sayansi hii ya mvuke ndiyo iliyoua watu Sachang'wan, Kenya, Januari 2009, na Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, malori ya mafuta yalipoanguka na umati ukakusanyika kuchota. Kila mkasa ulichukua roho za watu wapatao 100 au zaidi. Beseni la uani ni dogo, lakini petroli iliyomo ni ile ile.

Sasa mtungi wenyewe. Moto husimama juu ya vitu vinne: kinachoungua, oksijeni, joto, na mfululizo wa mwitiko wa kikemia ndani ya mwali. Maji hupambana na joto, na kwa kuni au karatasi hakuna kinachoyashinda. Kwa petroli yanaharibu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake ikiendelea kuwaka, na ndoo uliyomwaga inaupeleka moto hadi mlangoni kwa jirani.

Tatizo hilo liliwasumbua watu wa visima vya mafuta vya Baku kwenye Bahari ya Kaspi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwalimu mmoja aliyefundisha huko, Aleksandr Loran, alibuni povu la kuzimia moto: mapovu mepesi yanayoelea juu ya mafuta, kuufunika uso wake na kuukata mvuke usikutane na hewa. Wazo hilo bado linafanya kazi kwenye mitungi ya povu ya leo. Wenye magari wao walipata kifaa chao miaka ya 1910, pale kampuni ya Marekani iitwayo Pyrene ilipouza bomba dogo la shaba lililojaa tetrakloridi ya kaboni. Lilizima vizuri moto wa petroli na wa umeme, likasambaa kwenye magari duniani. Lakini mvuke wa dawa hiyo ni sumu, na ikikutana na joto kali hutoa fosijeni, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Iliondolewa taratibu, na ukikuta bomba kama hilo kwenye gari la kale, liwe la kutazamwa tu.

Leo mtungi unaofaa zaidi kwa gari ni wa poda kavu. Chembe zake ni laini mno, na kazi yake kubwa hufanyika ndani ya mwali: huvunja ule mfululizo wa kikemia kwa kuzinasa chembechembe za hidrojeni na oksijeni zinazouendeleza moto. Ndiyo maana mwali huzimika ghafla, kabla hata chuma hakijapoa. Poda iliyoandikwa ABC huwa na fosfati ya amonia, ambayo huyeyuka na kuviganda vitu vigumu vinavyowaka, kama viti na mipira; ile ya BC mara nyingi ni bikaboneti ya sodiamu, nayo ni ya vimiminika na gesi. Kwa gari, ambalo lina kila kitu, chukua ABC. Mtungi wa kaboni dayoksaidi ni mzuri kwa umeme na hauachi uchafu, lakini uani upepo huipeperusha gesi hiyo, na ndani ya gereji iliyofungwa inaweza kumkosesha mtu pumzi.

Poda ina udhaifu mmoja unaopaswa kujulikana kabla ya siku yenyewe: haipoozi. Moto umezimika, mvuke bado unatoka, bomba la ekzosi bado ni la moto, na baada ya sekunde kadhaa vinakutana tena. Usigeuke ukaenda kumwita mtu. Simama hapo ukiuelekeza mtungi, na ubakize kiasi.

Kubakiza si rahisi. Viwango vya Ulaya vinautaka mtungi wa kilo 3 au pungufu utoe dawa kwa sekunde 6 angalau. Wa kilo 6 utoe kwa sekunde 9. Ule mdogo wa kilo 1 ulioko kwenye buti, sekunde hizo 6 ndizo maisha yake yote. Anayekijaribu kwa mara ya kwanza akiwa na hofu huanza kupuliza akiwa mbali, juu ya miali, na dawa inakwisha kabla hajafika. Chomoa pini, simama kama mita 2 hivi, upepo ukiwa mgongoni na njia ya kutokea ikiwa nyuma yako, lenga shina la moto, kisha bana na ufagie kushoto na kulia. Kwa anayetengeneza gari nyumbani mara kwa mara, kilo 1 haitoshi. Nunua wa kilo 6, uutundike karibu na mlango wa gereji au kwenye nguzo ya banda. Usiuweke kwenye rafu iliyo nyuma ya gari, kwa maana ukiwaka moto hutaufikia. Ndoo ya mchanga mkavu ikae kando yake kwa ajili ya mafuta yaliyomwagika.

Kuna moto ambao si wako. Ukifika kwenye tangi, ukiingia ndani ya gari, au moshi mweusi ukijaa gerejini, toka na utoe watu, kisha piga 114 kwa Tanzania au 999 kwa Kenya. Vivyo hivyo betri kubwa ya lithiamu ya gari la umeme au la haibridi: ikianza kuungua hujizalishia joto ndani ya seli zake, na poda haifiki huko. Mtu aliyeshika moto nguoni alazwe chini na kufunikwa kwa blanketi la sufu au kitambaa kizito cha pamba, kisha jeraha limwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno isipakwe.

Kuhusu matunzo, mshale wa kipimo uwe kwenye kijani, na mtungi usilale miezi kwenye gari linaloanikwa juani. Mingi imepimwa kwa joto lisilozidi nyuzi 60, na ndani ya gari lililofungwa mchana dashibodi huweza kupita hapo. Poda ikiwa imekwisha kutumika, safisha injini mapema, kwa kuwa fosfati ikichanganyika na unyevu hula alumini na nyaya. Na mtungi uliobanwa hata mara moja tu, ukarudishwa ukutani kwa kuwa bado ni mzito, hautakufaa tena: chembe za poda hubaki kwenye valvu, haifungi sawasawa, na gesi inayosukuma dawa huvuja polepole hadi mshale unashuka kwenye nyekundu. Upelekwe kujazwa siku hiyo hiyo, na gari lisubiri mpaka urudi.