Fahamu: Jinsi ya kulinda pochi ya bitcoin kwenye simu

Pochi ya bitcoin iliyomo kwenye simu haina sarafu hata moja ndani yake. Rekodi za sarafu ziko kwenye blokcheni, yaani daftari la pamoja la mtandaoni. Simu hutunza ufunguo tu. Ufunguo huo hurejeshwa kwa maneno 12 au 24 unayopewa siku ya kufungua pochi, na yeyote aliyenayo anaweza kuhamisha kila kitu.

Wengi huyapiga picha, na hapo ndipo wezi wanapopenya. Februari 2025, kampuni ya usalama ya Kaspersky ilitangaza kugundua kirusi ilichokiita SparkCat, kilichojificha ndani ya programu zilizokuwa Google Play na hata App Store ya Apple, duka ambalo watu huliamini kupita kiasi. Kiliomba ruhusa ya kuona picha, kikasoma maandishi yaliyomo kikisaka maneno ya pochi, kisha kikazituma picha hizo kwa wezi. Programu za Google Play pekee zilikuwa zimepakuliwa zaidi ya mara 242,000.

Basi maneno yaandike kwa kalamu, na nakala ya pili iwe katika nyumba nyingine, maana karatasi huungua. “Mhudumu” anayekuuliza maneno hayo WhatsApp ni mwizi, hata awe na nembo gani.

Una kiasi kikubwa? Kiweke kwenye kifaa maalumu kisichounganishwa na intaneti; kwenye simu bakiza cha matumizi. Na simu ikiibwa, usingoje polisi waipate: rejesha pochi kwenye simu nyingine, kisha hamishia sarafu kwenye pochi mpya yenye maneno mapya, siku hiyo hiyo.