Kichocho: kwa nini dawa peke yake haitoshi

Mtoto akikojoa damu, mpeleke kituo cha afya. Vidonge vya prazikwanteli huua minyoo ya kichocho iliyo mwilini. Lakini havimkingi: akirudi kwenye maji yaleyale, anaweza kuambukizwa tena.

Kichocho huzungukaje?

Mayai ya minyoo hutoka na mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na vijidudu huingia ndani ya konokono. Humo huongezeka, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, kufua, kuvua au kulima mpunga. Usipotibiwa, ugonjwa huweza kuharibu kibofu, figo au ini. Wanawake wengine hupata vidonda sehemu za siri, na huenda wakadhaniwa wana magonjwa ya zinaa.

Kwa nini si kazi ya daktari pekee?

Daktari hajengi vyoo wala hachimbi visima. Na miradi ya maendeleo inaweza kuleta ugonjwa bila kukusudia. Nchini Senegal, bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986 ili kuzuia maji ya chumvi yasipande mtoni. Kilimo cha umwagiliaji kilinufaika, lakini konokono nao walistawi katika maji baridi. Kamba wanaokula konokono hao walizibiwa njia ya kwenda kuzaliana. Miaka michache baadaye, kichocho cha tumbo kilienea kwa kasi mjini Richard-Toll.

Huko Unguja na Pemba, kuanzia miaka ya 2011 na 2012, wananchi walipewa dawa mara kwa mara. Baadhi ya shehia ziliongezewa udhibiti wa konokono, na nyingine elimu shuleni na katika jamii. Maambukizi yalipungua sana, ingawa hayakwisha kila mahali.

Wewe ufanye nini?

- Tumia choo. Usijisaidie majini wala kando yake.
- Chemsha maji ya ziwa au mto kabla ya kuoga, au yahifadhi kwa siku mbili. Ya kunywa yachemshe kila mara.
- Ukiona damu kwenye mkojo au kinyesi, nenda ukapimwe.
- Mradi wa bwawa au umwagiliaji ukijadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, uliza: vyoo na maji safi vimepangwa wapi, na mtaalamu wa afya ameshirikishwa? Swali hilo liulizwe kabla ujenzi haujaanza.