Kupanda Daraja: Nani Hasa Hupanda?

Bila shaka umewahi kusikia mtu akisema, "Yule siku hizi kapanda daraja." Wala hazungumzii mpira. Pengine ni jirani aliyepata kazi nzuri Mombasa, au mwenzetu aliyehamia shule kubwa ya bweni. Sisi wa shule ya kutwa hapa Matuga twaambiwa bado twacheza ligi ya mchangani!

Daraja hapa si lile la kuvukia mto. Ni cheo, na kwenye kandanda ni ngazi ya ligi. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18. Msimu ukiisha, mbili za mkiani hushuka, na za chini zilizofanya vizuri hupanda. Bandari ya Mombasa ilirudi Ligi Kuu mwaka 2013, na mwaka 2019 ikamaliza ya pili na kutwaa Ngao. Timu ikipanda hupanda wote: mfungaji, kipa, hata yule wa akiba ambaye hakugusa mpira.

Wamarekani nao wana msemo unaotokana na besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu. Mtu akifika kileleni, awe wakili au mwimbaji, husemwa yuko ligi kubwa. Utadhani ni msemo uleule. La hasha! Huko timu 30 za ligi kubwa hazishuki, hata zifungwe namna gani. Kila moja ina timu zake ndogo, na mchezaji huitwa juu peke yake. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akasota ligi ndogo hadi Aprili 2017, ndipo akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kubwa. Miezi miwili haijaisha, karudishwa chini. Timu ikabaki juu palepale.

Ndiposa mimi naona twakosea tukisema mwenzetu aliyehama shule kapanda daraja. Huyo ameitwa juu tu, kama Ngoepe. Darasa alilotuachia liko vilevile. Siku alama za wastani za shule nzima zitakapopanda, pamoja na za yule wa mkiani, hapo nitakubali neno hilo. Mwalimu wetu wa Kiswahili hakubaliani nami. Asema lugha ni ya wasemaji, na wasemaji washaamua. Haya wanachama, ubishi huu tuulete kwenye mkutano wa chama, na kila mtu aje na mifano yake.