Pikapu kuukuu inapogonga na kunywa petroli

Ndugu msikilizaji, juma hili tunaingia gereji. Nataka tuzungumze habari ya pikapu kuukuu za petroli, na hasa zile Toyota Hilux zenye injini ya 22R, ya silinda nne na ujazo wa lita 2.4, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1981. Magari haya yamezeeka, lakini mengine bado hayajakubali kustaafu. Yanabeba saruji, mbao na magunia ya viazi, na nyuma ya kila moja ipo familia inayokula kwa jasho lake.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu analo. Siku moja aliniambia: "Mwanangu, wamesema injini imekufa." Kila asubuhi gari lilikuwa likitoa mlio wa kukwaruza likiwashwa, na lita moja ya petroli iliyokuwa ikimfikisha kilometa 9 ilikuwa haimfikishi hata 6. Gereji aliyokwenda walimwambia afanye ovahoo, kwa bei ambayo ni kazi yake ya miezi kadhaa. Nilimwambia, "Mzee, usitoe hata senti kwanza. Tusikilize lini linalia."

Nasema lini, kwa sababu mlio wa injini hautambulikani kwa sauti peke yake. Ukisikia tiki-tiki nyepesi juu ya injini, inayokwenda haraka kadiri unavyokanyaga mafuta, hizo aghalabu ni tapeti zinazohitaji kurekebishwa. Ni kazi ya saa chache. Ukisikia mlio kama wa njugu zinazotikiswa ndani ya kopo, tena unapopanda mlima na mzigo, basi petroli inawaka vibaya ndani ya silinda. Pengine moto wa plagi umewekwa mapema mno, au umeuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mchezo huo ulikithiri nchini kwetu hata EWURA ikaanza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Mgongo mzito wa chini, dugu-dugu, unaozidi injini ikibeba mzigo, huo ni wa beringi za konrodi, na hapo kweli jiandae kwa gharama.

Mlio wa yule mzee haukuwa hata mmoja kati ya hiyo. Ulikuwa mkwaruzo mbele ya injini, injini ikiwa baridi, kwa sekunde chache tu, kisha kimya. Anayezijua 22R hapo hunyanyua sikio.

Mbele ya injini hiyo ipo cheni ya taimingi, inayounganisha krenki ya chini na kamshafti ya juu ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 Toyota waliacha cheni pana ya safu mbili, wakaweka ya safu moja inayopita kati ya reli mbili zenye plastiki. Ipo pia tenshena ya kuikaza, nayo inasukumwa na presha ya oili. Injini ikilala usiku, presha hiyo hupotea. Asubuhi ukiwasha, cheni iliyolegea inapigapiga mpaka oili ifike. Miaka ikipita plastiki inakauka, inapasuka, na vipande vyake vinaangukia kwenye sampu. Kuanzia hapo chuma kinasaga chuma.

Sasa petroli inaingiaje? Cheni iliyorefuka inachelewesha kamshafti, na distributa ya injini hii inaendeshwa na kamshafti hiyo hiyo. Kwa hiyo valvu zinachelewa na moto wa plagi nao unachelewa. Gari linakuwa zito, dereva anakanyaga zaidi, petroli inakwisha. Fundi mwenye haraka huizungusha distributa kidogo, gari likachangamka, mwenyewe akaenda zake amefurahi. Cheni haijaguswa! Ugonjwa umefunikwa blanketi.

Ukitaka uhakika, mwombe fundi afungue kava la valvu na atazame chini kwa tochi. Reli iliyovunjika huonekana. Asipotaka kufungua, achomoe waya wa betri, atoe kifuniko cha distributa, kisha asogeze puli ya krenki kwa spana, mbele kidogo na nyuma kidogo, huku mwenzake akiitazama rota. Puli ikisogea sana kabla rota haijaifuata, cheni imelegea. Na kabla ya neno ovahoo kutamkwa, komprisheni ipimwe. Silinda zote nne zikiwa na nguvu na zikikaribiana, pistoni na ringi hazina kesi ya kujibu. Kwa yule mzee zilikuwa nzuri zote nne. Alinunua cheni, reli, tenshena na gasketi zake, akalipa ufundi, akabaki na fedha ya ada ya mjukuu.

Hata hivyo cheni haibebi lawama yote ya petroli. Tulipofungua bomba la maji tulikuta themostati haipo. Mafundi wetu wengi huing'oa kwa imani kwamba nchi ya joto haiihitaji, imani ambayo mimi siielewi, maana hata huku injini inapaswa kufika kama nyuzi 80 hivi ndipo ifanye kazi sawasawa. Bila themostati inakaa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inaoshea oili kwenye kuta za silinda. Tuliirudisha. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi, choki haifunguki mpaka mwisho, plagi zina masizi makavu meusi. Hayo ni ya kusafisha na kurekebisha tu.

Na upimaji wa petroli usiwe wa kutazama mshale wa geji. Jaza tangi mpaka pampu ikate, andika kilometa, fanya kazi yako kama kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile. Gawanya kilometa kwa lita ulizoongeza. Ukitembea kilometa 225 na tangi likachukua lita 25, ni kilometa 9 kwa lita.

Wenye mkwaruzo huo wa asubuhi wasiuzoee. Cheni inayopigapiga hula kava la taimingi polepole mpaka litoboke, na nyuma ya ukuta huo kuna maji ya kupoza injini. Maji yakiingia kwenye oili, beringi zinakwisha upesi, na hapo ile ovahoo uliyoikwepa itakuwa ya lazima. Basi kila asubuhi kabla ya kuwasha chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, usiwashe hata kwa kulisogeza gari kivulini. Tafuta wa kulivuta.